Ajira za Kijani Moshi: Namna Vijana wa Mjini na Mlimani Wanavyoweza Kuishi kwa Kutunza Mazingira

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Maji yanayotumiwa na wakazi wa Manispaa ya Moshi, yanayomwagilia mpunga wa Mabogini na miwa ya Arusha Chini, na yanayoendelea hadi Bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, yana chanzo kimoja kikubwa: miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mvua inayonyesha katika msitu ulio juu ya vijiji vya Old Moshi, Uru, Kibosho na Marangu ndiyo inayolisha chemchemi na mito hiyo. Kwa sababu hiyo, kinachotokea katika msitu na katika mashamba ya mlimani hakiwezi kubaki kuwa jambo la watu wa mlimani peke yao.

Kwa muda mrefu mambo mawili yamekuwa yakizungumzwa katika mikutano tofauti. La kwanza ni uhifadhi wa mazingira, ambalo huchukuliwa kuwa kazi ya wataalamu wa misitu, maji na hifadhi. La pili ni ajira kwa vijana, ambalo hupelekwa katika ofisi za maendeleo ya jamii. Makala hii inaeleza kwa nini mambo hayo mawili ni jambo moja katika eneo la Moshi, kazi gani zipo, sheria inafungua milango ipi, na ni masharti gani yanayoifanya kazi ya mazingira kuwa ajira ya kweli badala ya kibarua cha siku chache.

Ajira ya kijani ni nini

Shirika la Kazi Duniani (ILO) linaeleza ajira za kijani kuwa ni kazi zenye staha zinazosaidia kuhifadhi au kurejesha mazingira. Maelezo hayo yana sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Kijana anayeokota chupa za plastiki mitaroni bila glavu wala buti, asiye na makubaliano yoyote na mtu, na anayelipwa kwa kadiri ya alichobahatika kukipata siku hiyo, anausaidia mji kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, kazi yake bado haijafikia kiwango cha ajira ya kijani, kwa kuwa haina staha wala uhakika.

Vivyo hivyo, kijana aliyeitwa kupanda miti katika maadhimisho ya siku moja, akapewa fulana na soda, ameshiriki katika jambo jema, lakini hajapata ajira. Kipimo ni mambo mawili kwa pamoja: mazingira yamenufaika, na aliyefanya kazi amepata kipato halali, usalama kazini na ujuzi unaoweza kumpeleka mbele.

Mlima na mji ni kitu kimoja

Old Moshi, ambayo leo imegawanyika katika kata za Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi katika Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ndiyo Moshi ya awali. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya Mangi Rindi na mwanawe Mangi Meli, aliyenyongwa na utawala wa Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 huko Tsuduni. Mji wa sasa ulikua tambarare baada ya reli kutoka Tanga kufika mwanzoni mwa miaka ya 1910. Tangu hapo watu wamekuwa wakishuka kutoka mlimani kwenda mjini kutafuta shule, hospitali, soko na kazi, lakini maji yameendelea kutoka kule kule juu.

Wageni wengi wanaofika Kilimanjaro huamini kwamba maji ya eneo hili hutokana na kuyeyuka kwa theluji ya kilele chenye urefu wa mita 5,895. Ni kweli kwamba barafu hiyo inapungua kwa kasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kuwa takriban asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Hata hivyo, mchango wa barafu katika mito ni mdogo ukilinganishwa na ule wa msitu. Ukanda wa msitu katika mteremko wa kusini hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu zake zenye unyevu mwingi. Miti, kuvu na udongo wake hupokea mvua na ukungu, huzuia maji yasitiririke yote kwa pamoja, na kuyaachia taratibu ardhini hadi kwenye chemchemi. Msitu ukipungua, mvua hiyo hiyo huleta mafuriko wakati wa masika na ukame wakati wa kiangazi.

Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2016 ilieleza kuwa Kilimanjaro imepoteza takriban hekta 13,000 za msitu tangu mwaka 1976, na ilitaja moto kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mwezi Oktoba 2020 moto uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 za uoto katika Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro. Mamia ya wananchi waliojitolea, wakiwamo vijana wengi, walipanda mlimani kuungana na askari wa hifadhi kuuzima. Oktoba 2022 moto ulizuka tena. Matukio hayo yanaonesha kuwa mlima unahitaji mikono ya watu wenye mafunzo, na kwamba mikono hiyo ipo tayari katika vijiji na mitaa inayouzunguka.

Kihamba kinapogawanywa

Chini ya msitu ndipo vilipo vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ambamo migomba, kahawa, viazi vikuu, mboga, malisho ya ng'ombe wa zizini na miti mirefu kama mringaringa na mfuruanje huishi pamoja. Mfumo huo, unaosaidiwa na mifereji ya asili iitwayo mifongo, umehifadhi udongo wa miteremko hii kwa vizazi vingi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, jirani na Old Moshi, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Urithi huo leo uko katika hali ngumu, na sababu yake inahusu vijana moja kwa moja. Kihamba hurithiwa. Kinapogawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, kila mmoja hubaki na kipande kisichotosha kulisha familia. Bei ya kahawa isiyotabirika na mibuni iliyozeeka huongeza ugumu. Kijana huona hana sababu ya kubaki, hivyo hushuka mjini. Mlimani hubaki wazee, ambao hawana nguvu za kuzibua mfongo uliojaa tope, kung'oa mibuni mikuukuu au kupanda miti mipya kuchukua nafasi ya iliyokatwa.

Mjini nako kijana huyo hukutana na wenzake waliozaliwa Njoro, Pasua, Majengo, Kaloleni au Bomambuzi, na wote hugombea kazi zile zile: bodaboda, upagazi wa msimu, umachinga, ukusanyaji wa vyuma chakavu. Wakati huohuo mitaa yenye vijana wengi wasio na ajira ndiyo hiyo hiyo ambayo mitaro yake huziba na taka, na ambayo maji ya mvua kutoka mlimani huifikia kwa nguvu zaidi.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa Mkoa wa Kilimanjaro una wakazi takriban milioni 1.86, na kwamba kwa nchi nzima vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja ya Watanzania wote. Nguvukazi ipo na kazi ipo. Pengo liko katika utaratibu wa kuviunganisha viwili hivyo kwa malipo yanayoeleweka.

Kazi zilizopo

Kazi ya kwanza ni vitalu na matunzo ya miti. Serikali imeelekeza kila halmashauri nchini kupanda miti milioni 1.5 kila mwaka, na tarehe 1 Aprili ni Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Miche hiyo lazima ioteshwe na mtu. Muhimu zaidi, mche uliopandwa masika unahitaji kumwagiliwa, kupaliliwa na kulindwa dhidi ya mifugo katika miezi ya kiangazi inayofuata, na hapo ndipo miti mingi hufa. Kulipia matunzo ya miaka miwili au mitatu, kwa kuhesabu miti iliyo hai na si mashimo yaliyochimbwa, ni ajira kwa vijana na ni ulinzi wa fedha za umma. Kitalu hicho hicho kinaweza kuzalisha miche ya parachichi na ya kahawa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliyopo Lyamungu, wilayani Hai, imetoa aina bora za kahawa zinazostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani, na miche yake inahitajika katika kila kihamba chenye mibuni mizee.

Kazi ya pili ni taka. Manispaa ya Moshi imejijengea heshima kwa kushika nafasi ya kwanza mara kadhaa katika mashindano ya kitaifa ya usafi wa mazingira. Heshima hiyo hutunzwa kila alfajiri na wafagiaji na wazoa taka. Fursa iliyo wazi zaidi ni kutenganisha taka zinapozalishwa. Sehemu kubwa ya taka za masoko na majumbani ni mabaki ya vyakula, maganda ya ndizi na majani, ambayo yakikusanywa pekee huwa mboji, na mboji ina soko katika vihamba na bustani za mboga. Chupa, vyuma na karatasi navyo vina wanunuzi. Aidha, tangu katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Juni 2019, ushonaji na usambazaji wa mifuko mbadala umekuwa shughuli halali yenye wateja wa kudumu.

Kazi ya tatu ni nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, umeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo linahitaji watengenezaji wa majiko banifu, wazalishaji wa mkaa mbadala utokanao na mabaki ya mazao na taka za mbao, mafundi wa mitambo ya biogesi inayotumia samadi ya ng'ombe wa zizini, na wasambazaji wa gesi hadi vijiji vya mlimani. Kila jiko linaloacha kutumia kuni za msituni ni mti uliosalia juu ya chemchemi.

Kazi ya nne ni maji na kingo za mito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Sura 191, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Maeneo hayo ya hifadhi kando ya mito kama Karanga na Rau hayabaki salama kwa katazo peke yake. Yanahitaji kupandwa miti ya asili na majani, kuwekewa mipaka inayoonekana na kutunzwa. Mifongo ya mlimani nayo inahitaji ukarabati wa mara kwa mara. Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake mjini Moshi, pamoja na jumuiya za watumia maji, ndizo taasisi za kuanzia kwa kikundi kinachotaka kufanya kazi hiyo kwa mujibu wa sheria.

Kazi ya tano ni utalii unaojali mazingira. Waongoza watalii, wapishi na wapagazi wa mlimani ni wafanyakazi wa mazingira pia, kwa kuwa taka zote za safari hushushwa kwa migongo ya watu. Mzigo wa mpagazi umewekewa ukomo wa kilo 20, na kuuheshimu ukomo huo ni sehemu ya staha ya kazi. Kwa upande wa Old Moshi, historia ya Tsuduni, makanisa ya kale ya Kidia, mifongo na vihamba vyenyewe vinaweza kumlisha kijana anayejua kuvieleza kwa usahihi, bila kulazimika kupanda hadi kileleni.

Mahali pa kupata ujuzi

Moshi ina bahati ya kuwa na vyuo ambavyo mikoa mingi haina. Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilianzishwa mwaka 1963 na kipo katika miteremko hii hii. Chuo cha Viwanda vya Misitu (FITI) hufundisha masuala ya mbao na mazao ya misitu. VETA hutoa mafunzo ya ufundi, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina uzoefu mrefu wa kufundisha uendeshaji wa vyama vya ushirika, katika mkoa ambao chama kikuu chake cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa tangu mwaka 1933.

Kwa kijana aliyejifunza kazi mtaani bila kupita darasani, ipo programu ya Serikali ya kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo, inayotekelezwa kwa kushirikiana na VETA. Kijana hupimwa kwa kazi anayoifanya, hujazwa mapengo ya ujuzi na kupewa cheti. Fundi wa majiko aliyejifunzia kwa mjomba wake anaweza kwa njia hiyo kuomba zabuni akiwa na uthibitisho mkononi.

Milango iliyofunguliwa na sheria

Mlango wa kwanza ni mikopo ya halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 ili kurekebisha kasoro za usimamizi, na ukarejeshwa mwaka 2024 chini ya utaratibu mpya. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kikundi kinapaswa kuwa kimesajiliwa, kiwe na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi linaloeleweka.

Mlango wa pili haujulikani sana, nao ni ununuzi wa umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Zabuni hizo hupitia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Kikundi kinapaswa kutambuliwa kwanza na taasisi wezeshi, ambayo kwa vikundi vingi ni halmashauri, kisha kusajiliwa katika mfumo. Usafi wa ofisi na barabara, uzoaji wa taka, usambazaji wa miche shuleni na matunzo ya bustani za umma ni kazi ambazo taasisi hununua kila mwaka.

Tofauti kati ya milango hiyo miwili ni kubwa. Mkopo humpa kijana mtaji, lakini humwachia yeye mzigo wa kutafuta mteja. Zabuni humpa mteja. Kikundi kinachochukua mkopo bila kuwa na mteja huanza kurejesha fedha kabla hakijaanza kuzipata. Hivyo ni busara kutafuta vyote viwili kwa pamoja, na kutumia mkataba wa kazi kama msingi wa andiko la mkopo.

Hesabu kabla ya kuanza

Vijana wengi hukata tamaa kwa sababu ya kuanza na matumaini yasiyo na hesabu. Tuchukue mfano wa kufikirika wa kikundi cha watu kumi wanaootesha miche 20,000 kwa mwaka na kuiuza yote kwa shilingi 500 kila mmoja. Mapato ni shilingi milioni 10. Yakigawanywa kwa watu kumi na kwa miezi kumi na miwili, kila mmoja hupata takriban shilingi 83,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa gharama za viriba, mbegu, samadi na maji. Kiasi hicho hakitoshi kuendesha maisha. Kitalu peke yake, kwa hiyo, ni nyongeza ya kipato. Huwa ajira kinapounganishwa na mkataba wa matunzo ya miti, au miche yenye thamani kubwa kama parachichi iliyobebeshwa.

Sasa tuchukue kikundi kingine cha watu kumi kinachozoa taka katika kaya 500 kwa shilingi 5,000 kwa kaya kila mwezi. Kaya zote zikilipa, mapato ni shilingi milioni 2.5. Zikilipa saba katika kila kumi, hushuka hadi milioni 1.75, yaani shilingi 175,000 kwa kila mtu kabla ya gharama za usafiri na vifaa. Hapa kinachoamua iwapo kijana anapata ujira unaofaa ni kaya tatu zisizolipa. Mwananchi anayekwepa ada ya taka huwa anadhani anaidai Serikali. Mara nyingi anayepoteza ni kijana wa mtaa wake mwenyewe.

Waliotutangulia

Wazo la kuunganisha mazingira na ajira za vijana wa mijini limejaribiwa kwingine, na Moshi inaweza kujifunza bila kulipia makosa ya wengine. Huko Marekani, eneo la South Bronx jijini New York, lenye wakazi wengi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilibebeshwa kwa miaka mingi vituo vya taka na moshi wa malori ya jiji zima. Mwaka 2001 Majora Carter, mzaliwa wa eneo hilo, alianzisha taasisi ya Sustainable South Bronx, na mwaka 2003 taasisi hiyo ikaanza kuwafundisha vijana wa hapo kurejesha kingo za mto, kutunza miti ya mijini na kusafisha ardhi iliyochafuliwa. Msingi wake ulikuwa rahisi: waliobeba madhara ya uchafuzi wawe wa kwanza kulipwa katika kuuondoa.

Jirani zetu wa Kenya nao wana uzoefu. Jijini Nairobi, vijana wa Korogocho wamegeuza sehemu ya ukingo wa mto uliokuwa jalala kuwa bustani ya watu. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, Serikali ya Kenya iliendesha programu ya Kazi Mtaani iliyowaajiri vijana wa makazi duni kusafisha mitaro na mitaa kwa ujira wa siku. Ujira ulisaidia kaya nyingi katika kipindi kigumu. Hata hivyo, kazi ya aina hiyo hufikia ukomo fedha zinapokwisha. Anayebaki na kitu ni yule aliyepata ujuzi, kikundi na mteja wakati programu ilipokuwa hai.

Masharti ya kufanikiwa

Kutokana na maelezo hayo, yapo mambo manne ambayo vijana, viongozi na wananchi wanapaswa kuyasimamia.

Kwanza, malipo yafungamane na matokeo. Mti uhesabiwe ukiwa hai baada ya kiangazi, mtaro uhesabiwe ukiwa safi baada ya mvua. Pili, kazi iwe na mkataba, hata kama ni wa ukurasa mmoja, na vifaa vya kujikinga viwe sehemu ya gharama tangu mwanzo. Tatu, msaragambo usichukue nafasi ya ajira. Utamaduni wa kufanya kazi kwa pamoja kwa manufaa ya wote ndio uliojenga mifongo, barabara na shule za mkoa huu, na unapaswa kuenziwa. Lakini si haki kumwita kijana asiye na kipato kufanya bure, wiki baada ya wiki, kazi ambayo imetengewa fedha katika bajeti. Nne, vijana wa mlimani na wa mjini wawekwe katika mnyororo mmoja: mboji inayotengenezwa na kikundi cha mjini ilishe vitalu na vihamba vya Old Moshi, na miche ya Old Moshi ipandwe kando ya mito na barabara za mjini.

Mwananchi ana nafasi yake katika haya yote. Katika mkutano wa mtaa au wa kijiji ana haki ya kuuliza miche mingapi ilipandwa mwaka jana na mingapi iko hai, vikundi vingapi vya vijana vimepata mikopo ya asilimia 10, na zabuni zipi zimetengwa kwa makundi maalumu. Maswali hayo si ukorofi. Ni sehemu ya usimamizi wa fedha za umma ambao sheria inautarajia kutoka kwa kila mmoja.

Kwa kijana anayetaka kuanza, hatua ya kwanza haihitaji mtaji: atafute wenzake wanaoaminiana, waandike katiba yao, wapige hesabu ya kazi wanayoijua, kisha wafike katika ofisi ya kata kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii, na katika halmashauri kuonana na maofisa wa mazingira, misitu na ununuzi. Masika hayasubiri. Kikundi kinachotaka kuuza miche mwezi Machi kinapaswa kuwa kimeotesha mbegu miezi kadhaa kabla, na kinachotaka zabuni za mwaka mpya wa fedha kinapaswa kuwa kimekamilisha usajili wake kabla ya Julai.

Mlima Kilimanjaro umeulisha mji wa Moshi kwa maji tangu ulipoanza. Kuwalipa vijana waulinde msitu, vihamba na mito inayoyaleta maji hayo ni gharama ndogo kuliko ile ambayo wakazi wote, wa juu na wa chini, watailipa siku chemchemi zitakapokauka.